Sifa za Mwombaji

Fomu ina kurasa nne na haina mzaha.
Cheti cha kuzaliwa: Eufrocina Magbanua, Iloilo,
mwaka wa mafuriko, ingawa hilo hawaliulizi.
Shahada ya uhandisi ujenzi: iambatishwe.
Picha yenye jina kifuani, kama ya mfungwa.
Cheti cha mwenendo mwema, kilichosainiwa na mtu
asiyewahi kuniona nikikasirika.

Mtihani siku mbili. Wastani sabini,
na somo lolote lisishuke chini ya hamsini.
Mara ya kwanza yaliniangusha maji:
hesabu za maji, ya mabomba na ya mabwawa,
mimi niliyezaliwa yakiwa sebuleni.
Mara ya pili nilianguka kwa alama moja.
Moja. Ungeweza kuishika kwa kibano.
Mama akazibeba penseli zangu hadi Jaro,
kwa Bikira wa Mishumaa, zikarudi zikinuka nta.
Mara ya tatu niliingia na chupi nyekundu
kama wenzangu wote, na sitaki mjadala.

Baba hakuwahi kujaza fomu.
Wenceslao, msimamizi wa mafundi, darasa la sita.
Huchota mchanga akaufikicha karibu na sikio:
"Huu wa pwani. Una chumvi. Rudisha."
Hujua zege limekunywa maji kupita kiasi
kwa namna linavyoteleza kwenye beleshi.
Nyumba mia mbili na kitu zimesimama mjini kwetu
kwa mikono yake, na chini ya kila mchoro
saini ya mwingine,
aliyekuja na gari mara moja, akala, akaondoka.
Nilipokuwa na miaka tisa nilimuuliza,
mbona jina lako halipo?
Akanipa timazi niishike. "Hii nayo haina jina."

Nilikula kiapo jioni ya mvua, mkono juu,
watu mia nane tukitamka maneno yale yale
kwa sauti zisizolingana.
Nikapewa namba. Nikachongewa muhuri,
ule wa chuma, usio na wino:
unaukosa kwa macho, unaupata kwa kidole.

Kazi ya kwanza, mnara wa tangi la shule, Pototan.
Msimamizi: baba.
Mbele ya vijana wote aliniita Enjinia,
si Cina, wala si mwanangu,
na kijana mmoja akapunguza redio.
"Enjinia, tumimine?"
Lori la zege linazungusha tumbo lake.
Mvua imeshafunga upande wa kusini.
Nikapanda ngazi na futi yangu.
Ringi za nguzo, pale inapokutana na boriti:
mchoro unataka kumi.
Nikapima, ishirini.
Nikapima tena, nikiomba futi iwe imekosea.
Ishirini. Ishirini na moja.
Ndivyo alivyofunga siku zote.
Ndivyo zilivyosimama zile mia mbili,
ardhi ikiwa bado haijaziuliza kitu.

Hakuna ukurasa unaogusa jambo hili,
hakuna somo lake, hata la alama hamsini.
Nilisema, "Bado,"
nikaisikia sauti yangu inatoka nyembamba
kama waya wa kufungia nondo.
Kisha, kwa kuwa hakusogea: "Fungueni."

Lori likarudi na mzigo wake, likatuachia bili.
Baba akachukua koleo, akaanza mwenyewe,
kifundo kwa kifundo, vile vile alivyovikaza,
mvua ikimpiga mgongoni,
mwavuli wangu hakuutaka.
Usiku hakula. Mama alinitazama
kama mtu anayetafuta kosa kwenye risiti.

Alfajiri nilimkuta juu ya jukwaa.
Alikuwa amekata kijiti cha mwanzi, sentimita kumi kamili,
anakipachika kati ya ringi na ringi, hasemi neno,
kisha anakirudisha nyuma ya sikio,
pale penseli ilipokaa miaka yote.