K.N.Y.

Miaka miwili na miezi minne
niliandika herufi tatu kabla ya kutia sahihi:
k, n, y, na vinukta vyake.
Kwa niaba ya Wendelini Ngahyoma,
mstaafu wa reli, Yombo Vituka,
ambaye mkono wake wa kulia ulilala asubuhi moja
ukiwa umeshika kijiko cha uji,
usiamke tena.

Hati ya uwakili ilikuwa na mhuri mwekundu
na picha zetu mbili zimebanwa pembeni,
yeye akitazama juu kidogo, kama mtu aliyeitwa.
Kwa hati ile nilipokea kodi ya chumba cha uani,
nikabishana na watu wa maji kuhusu mita iliyolewa,
nikachukua pensheni dirisha la tatu,
na nikirudi namhesabia noti juu ya shuka,
moja moja, naye akifumba jicho moja,
maana yake: nimeona.

Alifariki Jumatano.
Alhamisi nilikwenda dirisha la tatu.
Jeneza haliuzwi kwa mkopo.
Kijana wa benki akanitazama, akakitazama kilemba cheusi,
akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee hajambo?"
Nami sijui kudanganya nikiwa sijalala.
Akairudisha hati chini ya kioo kwa vidole viwili.
"Pole, dada. Hii nayo imekufa."

Mhuri bado mwekundu!

Wakili Mwanahija, meza ya mwisho, msaada wa kisheria,
feni juu yake halizunguki,
alinieleza huku akimenya chungwa:
"Uwakili ni kivuli. Mwenyewe akishalala chini
kivuli kisimame wapi?
Sasa lete cheti cha kifo,
lete muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye sahihi zote.
Na kama kuna wosia, usiufungue peke yako."

Kikao kilikuwa kwetu, viti vya kukodi.
Baba mdogo Gaudensi alikuja na kalamu yake
na hoja yake: mwanamke akisimamia mirathi
nyumba itahamia kwa mumewe.
Sina mume, baba mdogo.
Basi itahamia kwa huyo utakayempata.
Watu wakacheka, hata mimi.

Wosia ulikuwa kwa katibu wa parokia,
karatasi mbili za daftari la hesabu, mashahidi wanne,
tarehe ya miaka tisa iliyopita,
mkono wake ukiwa mzima,
herufi zimepangwa kama mataruma.
Nyumba, Edmundi na Batholomeo.
Kiwanja cha Chanika, wajukuu.
Skolastika, cherehani ya mama yake,
tena awe msimamizi, kwa kuwa hapotezi kitu.

Hapotezi kitu.
Alipoandika hayo sijawahi kumnyoa ndevu,
sijawahi kumgeuza ubavu saa nane za usiku
wala kujua kusoma jicho lake.
Karatasi haina lawama. Haikuyaona.

Mwanahija alikunja wosia kwa mikunjo yake ileile.
"Msimamizi ni upawa," akasema, "hupakua, haushibi.
Ila wewe ni mtoto wake pia.
Tangazo litakaa ubaoni siku tisini
kwa yeyote mwenye neno."
Hakusema zaidi. Akanipa pande la chungwa.

Karani akanisogezea fomu.
Mkono ukaanza wenyewe: k, n,
akauzuia kwa rula.
"Kwa niaba ya nani tena, mama?"
Nikakata. Nikaandika jina langu lote,
refu, likavuka mstari
likaingia kisanduku cha matumizi ya ofisi.

Leo siku ya sitini na moja.
Nimepita mahakamani, Temeke, sina shauri linaloitwa.
Jua limeanza kulifuta tangazo,
jina lake juu, langu chini,
pini moja imedondoka, pembe inapepea.
Nimeiokota pini, nimeirudisha.

Cherehani nimeitia mafuta. Inashona.
Bado siku ishirini na tisa.