Moja Baada ya Kumi na Mbili

Mashine haikuzima. Hilo ndilo lililomkera Irmeli.
Taa ya kijani ilipepesa chini ya ngazi, kule Oulu,
feni ikakoroma kama mtu mwenye dhamiri safi,
na bado, tangu saa tisa usiku,
vipimo vya barabara ya barafu havikufika.

Ahti, fundi wa zamu, alikuwa na dawa yake:
chomoa, hesabu kumi, chomeka.
Akaandika daftarini "imepona",
akaenda zake kunywa kahawa.

Machi ikaugua tena.
Irmeli akalichukua daftari, akarudi nyuma kurasa kwa kurasa:
kutoka kupona hadi kuugua,
siku arobaini na tisa na masaa kumi na saba.
Na mara iliyotangulia? Vilevile.
Ugonjwa gani huu unaojua tarehe?

Ndani ya kiini cha mfumo kuna kihesabio.
Mapigo elfu kila sekunde, hakilali,
biti thelathini na mbili, hadi bilioni nne na ushei,
kisha kibaba kinajaa.
Na kibaba hiki kikijaa hakimwagiki:
kinakuwa kitupu.
Sifuri.

Pakiti ilikuwa njiani, jibu halijaja.
Kipima muda kiliagizwa: ngoja mapigo mia mbili,
kimya kikizidi, tuma tena.
Kikatazama saa: sifuri na kidogo.
Kikatazama ahadi: bilioni nne.
Kikasema, bado. Bado sana.
Kikakaa, mtiifu, kuingojea jana.

Mstari wenye kosa ulikuwa mfupi:
*kama sasa ni kubwa kuliko ahadi.*
Nani angeushuku? Mwalimu wa darasa la pili
angeuwekea alama ya vema.

Mimi nilikuwa meza ya pili, na makoti mawili mwilini.
Nikamwambia: kwetu ikipita saa kumi na mbili
inakuja saa moja,
na hakuna anayeiambia moja ya usiku
kwamba imetangulia magharibi.
Tunajua imetokea wapi.
"Rudia," akasema. Nikarudia.

Akafuta alama ya ukubwa. Usiulize nani mkubwa.
Kwenye ahadi toa sasa,
tazama ishara ya kilichobaki:
hasi, muda umepita, tuma;
chanya, vumilia.
Inafaa mradi pengo lisifike nusu ya duara,
maana huko mbele na nyuma ni mapacha.
Hilo nalo akaliandika juu ya mstari
kwa ajili ya wasiozaliwa bado,
au kwa ajili yake mwenyewe mwezi ujao.

Lakini nani atakaa siku arobaini na tisa kujua kama dawa ni dawa?
Akakianzisha kihesabio dakika tano kabla ya kujaa.
Tangu siku hiyo kila mashine yetu
huamka ikiwa na kiyama chake mlangoni,
tukione tukiwa macho, si usiku wa manane.

Tukaketi. Dakika ya tatu, birika likachemka.
Ya nne, Ahti akaja, akapiga goti,
mkono tayari kwenye waya.
Ya tano.
Sifuri.
Unene wa barafu, kilomita ya pili: sentimita hamsini na nane.
Kilomita ya tatu: sitini na moja.

Ahti akauondoa mkono.
Alikaa na daftari wazi magotini, kalamu imefunguliwa,
asijue aandike nini.