Mzinga wa Chumba cha Tatu

Mama Nzwala, umeniuliza mara mbili
lile gogo chini ya kitanda ni la nini,
na mara mbili nimecheka nikageuza maneno.
Leo kodi nimelipa, miezi mitatu, taslimu.
Basi kalia hiyo ndoo nikueleze.

Ni mzinga.
Marehemu mjomba Kapela aliuchonga kwa mninga,
siku nne za tezo na kikohozi,
alipoona tumbaku imenishinda.
Tumbaku umeivuta, mama, hujaikausha.
Usiku kucha unalisha moto bani
kama anayeuguza mtu,
miti inaisha, macho yanaisha,
kisha mnunuzi anashika jani kwa vidole viwili,
anasema: daraja la chini.
Na deni la mbolea linakaa mlangoni,
halibishi hodi,
linajua utatoka tu.

Nikatoka.
Juu ya lori la mbao, mwezi wa tisa,
vumbi la Sikonge likanifuata hadi Kachoma
kama mbwa asiyejua kuwa ameachwa.
Utingo akasema gogo lina nauli yake.
Nikalipa ya watu wawili.

Hapa Ipuli, mwezi wa kwanza, nililala na funguo mkononi.
Kwetu mlango tulifunga kwa kamba, tena kwa ajili ya mbuzi.
Wewe ulinikabidhi mbili, wa geti na wa chumba,
ukasema, ukipoteza, elfu tano.
Nikaangalia godoro, ndoo, gogo,
nikatafuta kitu changu
kinachostahili funguo mbili.

Nimejifunza.
Maji yana saa zake.
Chumba cha tatu na cha nne ni mita moja, ugomvi mmoja.
Kikohozi cha jirani nakijua, jina lake bado.
Na kwamba "karibu chakula" husemwa
mkono ukiwa juu ya mfuniko.
Mimi ile siku ya kwanza nilikaribia.
Nikanawa kabisa.
Nisamehe, nilikuwa mgeni.

Sasa nalinda ghala, kule stesheni.
Usiku hushushwa madumu ya asali
na hakuna aliyewahi kuniuliza najua nini.
Dumu moja lilivuja, nikaonja kwa kidole,
nikamwambia kijana wa mizani:
hii ni ya maua ya muba, inatoka upande wetu,
na aliyeirina alikuwa na haraka, ina moshi.
Akasema, mzee, andika namba ya gari.
Nikaandika.

Saa nane treni ikiingia nawaona wanaoshuka.
Mwenye kuku. Mwenye kitanda cha kamba.
Juzi mmoja alishuka na mlango,
mlango mzima, Mama Nzwala, na komeo lake,
akausimamisha pale kwenye changarawe
akawa amesimama nyuma yake
kama anangoja mtu abishe.
Wapagazi walicheka.
Mimi nilimsaidia kuubeba hadi barabarani.

Sasa sikiliza hili.
Jumanne, nimetoka zamu, nimejilaza,
nyuki mmoja akaingia dirishani.
Akazunguka chumba, akashuka chini ya kitanda.
Nikamsikia anatembea ndani ya gogo,
taratibu, ukuta kwa ukuta,
kama mpangaji anayekagua chumba:
hapa pananuka nini, maji yako wapi,
majirani watu gani.
Sikupumua.
Akatoka. Hajarudi.
Labda hakupapenda.
Labda ni mbali kwenda kuwaita wenzake.

Ule mjohoro nyuma ya bafu una tawi zuri,
lakini sijakuomba.
Najua utasema watoto,
utasema mwenyekiti wa mtaa,
utasema mji ni mji.
Sawa.
Nakuomba hivi tu: ukiingia kufagia
usiusogeze.
Mdomo wake nimeuelekeza dirishani.