Kukopa Kumi

Nilikuja kwa sababu ya sahihi.
Chuo kilitaka saa arobaini za kujitolea,
kila saa na mhuri wake,
nami, niliyetupwa kwenye ualimu na uhaba wa alama,
nikazihesabu kama mfungwa.

Jumamosi, Korogocho. Ukumbi wa mabati
nyuma ya kinu cha kusaga unga.
Kinu kikinguruma, tunanyamaza.
Kikizima, tunarudi kwenye ubao,
usijue ipi chaki, upi unga.

Arobaini na mbili toa kumi na saba.
"Mbili toa saba haiwezekani," nikasema,
maneno niliyoyarithi bila kuyapekua,
"kwa hivyo tunakopa kumi kwa jirani."

Mumbe, miaka tisa, sweta la shule aliyoiacha,
akainua mkono:
"Mwalimu, hiyo kumi tutairudisha lini?"

Wenzake wakacheka. Hata mimi, kidogo.
Yeye hakucheka.
Dukani kwa Abdinoor kuna daftari,
jina la mama yake limepigiwa mistari miwili,
na anajua yampatayo asiyerudisha.

Nikafungua kinywa.
Mihula minne ya nadharia,
maandalio ya somo yenye pambizo safi,
na ndani hamna kitu.

Usiku ule, chumbani Umoja,
nilimwaga kiberiti juu ya godoro.
Mafungu manne ya kumi, na njiti mbili.
Nikafungua fungu moja.
Nikatazama.
Hakuna jirani. Hakuna deni.
Ni kumi ile ile, imelegezwa kamba.

Jumamosi ya pili nikaja na njiti,
nimezifunga kwa nyuzi za gunia.
"Nilikosea," nikamwambia. "Hatukopi. Tunafungua."
Akafungua. Akahesabu kwa midomo.
"Aa! Ni chenji!"
Kisha akanigeuzia mgongo
akawafundisha wote, sauti juu ya kinu,
vizuri kuliko mimi.

Saa arobaini ziliisha mwezi wa sita.
Bwana Wesonga aligonga mhuri wa mwisho,
akanipa mkono bila kuniangalia sana.
Ameshaaga wengi.

Jumamosi iliyofuata alinikuta mlangoni.
"Umesahau nini?"
Sikuwa na fomu, sikuwa na jibu,
ila unga ulikuwa tayari mabegani mwangu
na ndani Mumbe alikuwa akigawanya
njiti kumi na saba kwa watoto watano.

Akaziinua mbili, juu, anione:
"Na hizi za kubaki, mwalimu,
ni za nani?"