Limeitika

Gari langu hulala ng'ambo, Mokowe,
kwa Lali muuza petroli,
shilingi hamsini kwa siku, umande bure.
Mimi hulala huku Langoni,
ambako punda wawili hupishana kwa adabu.
Ufunguo tu ndio huvuka nami,
mweusi, wa vitufe vitatu, mnono kama tende.

Alhamisi niliinama kutia udhu,
mfuko wa shati ukainama nami.
Chubwi!
Vijisamaki vya birikani, walinzi wetu wa mbu,
vikauzunguka, vikaudonoa,
vikaona hauliki, vikaenda zao.
Nikazamisha mkono hadi kwapani.

Nikaupasua kwa sarafu.
Betri ikatoka na chozi lake moja.
Jirani akasema, jua.
Shemeji akasema, mchele.
Mama akasema, "Mchele upi?
Huu pishori wa biriani ya kesho?
Kaupande uani, ukiota gari utaniita."
Usiku nililikuta bakuli mezani,
mchele pomoni, kisahani juu.
Hakusema kitu. Wala mimi.

Somoe, mtoto wa dada, ana miaka mitano.
Kila jioni hupanda darini na ufunguo wangu,
huuelekeza Mokowe, hubonyeza,
hutega sikio: "Limeitika!"
Sijamwambia kwamba kile kitufe
hakivuki hata uchochoro.
Jioni ile aliufukua mcheleni,
akabonyeza, bila betri, akangoja.
"Leo limechoka," akasema,
akaufukia tena, taratibu,
kama anayemfunika mgonjwa.

Jumamosi nikavuka,
ufunguo kiganjani kama yai.
Mbele ya gari nikabonyeza.
Kimya.
Nikabonyeza tena, kwa haya,
kama mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe.
Lali akaweka chini faneli yake. "Hebu."
Akavuta ubavuni, ukachomoza ulimi wa chuma:
ufunguo wa kale tumboni mwa ule wa kisasa,
na punje moja ya pishori imenasa hapo.
Miaka mitatu nautembeza, sikuujua.

Mlango ukakubali.
Kisha gari zima likapiga mayowe ya mwizi,
taa zikikonyeza, mbuzi wakitimka,
na mwizi mwenyewe ni mimi, nina hati mfukoni.
Halikunyamaza.
Nikaketi ndani, kiti kinaunguza,
nikampigia dada: "Somoe yuko wapi?"
"Darini."
"Mpe simu."

Nikaitoa simu dirishani, nikainyanyua juu.
Nilipoirudisha sikioni
alikuwa kimya kwa muda mrefu.
"Mjomba," akasema, "mbona lalia?"