Kuyavalia Maji

Maji ukiyavulia nguo, husema kwetu, sharti uyaoge.
Huku hatuyavulii. Tunayavalia:
suti ya mpira inayobana mbavu kama deni,
glavu, jaketi la kuelea, kofia ngumu ya kuazima
yenye jina la mtu kwa wino mweusi: FERGUS.
Kijiji huandikwa Grandtully, hutamkwa Grantli.
Ni Machi. Mto Tay ulikuwa theluji juzi tu
na haujasahau.

Baridi nzima Ishbel alinipindua
katika bwawa la kuogelea la Perth, kila Jumanne usiku,
kayaki juu, mimi chini, klorini puani,
naye akihesabu kwa sauti ya karani wa benki.
"Kiuno kwanza, Zuhura. Kichwa mwisho."
Mara ya kwanza niliibuka nakohoa.
Ya kumi na tisa, nalia.
Ya thelathini na ngapi sijui
dari ikarudi mahali pake, na taa zake zote,
na mama mmoja mwenye kofia ya maua, njia ya pili,
akasimama, akapiga makofi mawili,
akaendelea kuogelea.

Lakini bwawa halina mawe.

Mawe ya Tay yana tabia.
Nyuma ya kila jiwe maji hujuta,
hugeuka, hupanda kurudi yalikotoka.
Hapo ndipo pa kupumulia, ila uingie kwa ubavu
na uegemee upande ambao mwili wote unakataa.
Nilikataa. Nikapinduka.
Aprili yote nililijua bonde hili kwa chini:
kokoto za kijani, mnyororo wa baiskeli,
kimya kile chenye ngurumo ndani.

Struan, miaka kumi na mmoja, meno ya mbele hayajakaa sawa,
alinipita akiteleza kama sabuni, kisha akanisubiri.
"Unalikaba kasia," akasema. "Halijakukosea."
Usiku ule nilitazama viganja vyangu, malengelenge manne,
nikayaomba radhi mambo mengi niliyowahi kuyakaba.

Siku ya mashindano kipaza sauti kilinitafuna jina,
kikalitema vipande vitatu, nikaitikia vyote.
Hofu ilikuwapo. Ilikaa nyuma yangu kama abiria
aliyelipa nauli na hana la kusema.
Geti la kwanza, la pili, la tatu.
La sita jekundu, la kurudi juu: nikaingia kwa ubavu,
nikaegemea, mto ukanishika mkono.
La tisa, chini ya daraja, mbele ya watu na chipsi zao,
nikapinduka.

Kokoto. Kijani. Karani wa benki akihesabu.
Kiuno.
Kiuno.
Kichwa.

Darajani mtu alipiga ukelele, chipsi zikaangukia majini.
La kumi na nne nililigusa kwa kiwiko, sekunde mbili za adhabu;
kiwiko bado kinabisha.

Nilikuwa wa ishirini na moja kati ya ishirini na watatu.
Wawili nyuma yangu nimewakariri majina.

Nikamuuliza Ishbel, Fergus ni nani.
"Alihamia Kanada. Kichwa kikubwa. Hairudishi tena hiyo."
Nikaomba kalamu.
Plastiki ilikuwa bado mbichi, wino ukatambaa kidogo,
na Z yangu ikaonekana kama 2.
Nimeiacha hivyo.