Makala ya Kumi na Tisa

Kamati ya kupandisha vyeo ilikuja na fomu yake.
Makala: thelathini na nne.
Mara zilizonukuliwa: elfu moja mia mbili na sita.
Wakaniuliza mimi, mtia rangi wa vioo vya damu,
kama faili la Daktari Subilaga Mwaijande limekamilika.
Nikasema limekamilika.

Nilidanganya? Hebu sikiliza.

Ya kwanza ilianzia mikononi mwangu.
Ilikuwa Julai, Loleza umejifunga ukungu hadi kiunoni,
maji ya bomba yanauma vidole kama siafu.
Tone la damu la kijana wa Isyesye
nililitandaza kwenye kioo, jembamba kama ganda la kitunguu.
Daktari aliinamia hadubini
mpaka chai yake ikaweka utando.
"Ambakisye," akasema, bila kuinua kichwa,
"seli nyeupe zimejaa kama watu mnadani,
na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua."

Kijana hakuiona Agosti.
Makala yake ilitoka Februari.

Ya saba ndiyo iliyompa jina.
Inasimulia vipande viwili vya kromosomu
vilivyobadilishana mahali ndani ya uboho,
kosa dogo, kama mtoto kuvaa viatu kushoto-kulia.
Hiyo inanukuliwa Osaka, inanukuliwa Lyon;
iliwahi kuja barua kutoka nchi
tuliyoitafuta kwenye atlasi ya mwanangu.
Mwishoni kabisa, kwa herufi za sisimizi, nashukuriwa:
A. Mwakibeti.
Mimi ni Mwakibete.
Niliikata nikaibandika ukutani vilevile, na kosa lake.

Lakini ya kumi na tisa!

Ya kumi na tisa haina seli hata moja.
Ina nauli.
Ina matope ya Machi, lori limelala ubavu njia ya Isyonje,
ina msimu wa viazi, ambao haungoji mgonjwa.
Humo yumo "mgonjwa namba 11, mwanamke, miaka 38,
alikosa kliniki tatu mfululizo."
Namba kumi na moja ni mama Tweve wa Makete.
Kila safari ya kuja Mbeya kufuata vidonge
aliuza kondoo mmoja.
Kondoo walipokwisha, na kliniki ikaisha.

Daktari alipanda huko kwa miguu yake,
akakaa jikoni kwa watu, moshi ukimtoa machozi,
akauliza yasiyoulizwa wodini:
Ukifika mjini unalala wapi?
Nani anabaki na watoto?
Ukisema "nitakuja", unamaanisha utakuja,
au unanistahi tu?

Daftari lile lilirudi likinuka kuni za mwanzi.
Nalo ndilo lililosababisha
vidonge vya mwezi mmoja kuwa vya miezi mitatu,
vikasafiri ndani ya kisanduku, kwenye gari lililokwenda kubeba viazi,
mpaka zahanati ya kwao, dirisha la pili.

Mara zilizonukuliwa: sifuri.
Jarida lenyewe lilikufa mwaka uliofuata,
nadhani kwa kukosa fedha.

Juzi mama Tweve alikuja kupima.
Bandama lililokuwa limemjaza tumbo kama mimba ya miezi saba
limerudi nyuma ya mbavu, halishikiki.
Aligombana na mlinzi kuhusu mahali pa kuweka gunia lake,
akagombana nami kuhusu sindano,
akauliza bei ya chumvi ya mifugo hapo Mwanjelwa.
Nikapaka kioo chake rangi, nikahesabu.
Seli zilikuwa chache, kila moja na kazi yake.

Basi, kamati ilipotoka kunywa chai
nililifungua tena faili.
Safu ya mwisho imeandikwa: Athari.
Kisanduku chake hakitoshi hata kidole gumba.
Mbele ya namba kumi na tisa nikaandika:
Kondoo, tisa.

Kwa penseli.
Wakitaka, wafute.